Mtoto anaimba alfabeti yote ila hajui kusoma: wazazi wa Moshi na Arusha, tuelewane maneno ya msingi

#1 Mwalimu wa Pasua (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Nafundisha darasa la kwanza hapa Moshi mjini. Kila Januari shule zikifunguliwa lazima nipate mzazi wa kuniambia kwa furaha: "Mwalimu, huyu kusoma anajua, anaimba A mpaka Z bila kukosea." Namkalisha mtoto, namwonyesha kadi iliyoandikwa "mama". Anaiangalia, anajibu "em, ei, em, ei". Ukimuuliza haya, hilo ni neno gani, anakutazama tu.

Mtoto huyo ana akili zake timamu na mzazi wake hakudanganya. Ila kwenye vikao vya wazazi sisi walimu tunamwaga maneno, sauti, silabi, mwambatano, ufasaha, ufahamu, na mzazi anaitikia kwa heshima halafu anaondoka vilevile alivyokuja. Nataka tuyafungue hapa taratibu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Naanza na SAUTI, kwa sababu hapo hapahitaji kitabu wala hela. Kabla mtoto hajaona herufi hata moja anatakiwa asikie kwamba neno linakatika vipande. Mnapika jikoni, mwambie apige kofi kwa kila kipande: ndi-zi, makofi mawili. Ki-bu-ru, matatu. M-to-ri, matatu pia, na wengi watapiga mawili, kwa hiyo rudieni hadi aisikie ile "m" ya mwanzo imesimama peke yake. Akishazoea, ingia ndani zaidi: "Nitajie kitu cha jikoni kinachoanza na sss." Sufuria, sahani, sukari. Halafu: "Paka, ukitoa p ukaweka t, inakuwa nini?" Taka. Ile sauti moja ndogo ambayo ukiibadilisha na maana inabadilika ndiyo walimu wanaita fonimu. Mchezo huu mnaweza kuucheza hata ndani ya daladala.

HERUFI ni alama ya sauti kwenye karatasi. Herufi ina jina, na ina sauti. Jina la m watoto wa siku hizi wanasema "em", wazee wetu walisema "me". Sauti yake ni mmm, midomo imefungwa, hewa inatoka puani. Kwenye kusoma, jina halina kazi. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: tamka "em-ei-em-ei" haraka uwezavyo, hata uchoke haitatoka "mama". Tamka mmm-a-mmm-a, inakuja yenyewe. Kumfundisha mtoto kwamba alama fulani inabeba sauti fulani ndiko kunaitwa foniki, na kuzishika sauti hizo mkononi na kuzifanya neno moja tunaita KUUNGANISHA. Ukinibana niseme kitu kimoja tu kwenye uzi huu, ni hiki: mtoto anayeunganisha sauti tatu anasoma, na mtoto anayeimba herufi ishirini na sita bado hajaanza.

Tena sisi tuna neema kubwa. Kiswahili kina irabu tano na kila moja inatamkwa vilevile popote ilipo. "a" ya "Arusha" ndiyo "a" ya "kata" na ndiyo "a" ya "baba". Kiingereza kina sauti kama 44 zinazogombania herufi 26, ndiyo maana mtoto wa Uingereza anateseka. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Wa Kiingereza walienda mwendo wa polepole zaidi ya mara mbili kuliko wenzao wengi ambao maandishi yao yanafuata matamshi, kama Wafini. Kiswahili kipo upande huo wa Wafini. Mtoto wetu akifundishwa vizuri anafungua mlango mapema sana.

SILABI ni kipande cha neno kinachotoka mdomoni kwa mkupuo mmoja. Karibu silabi zote za Kiswahili zinaishia na irabu, ndiyo maana "ba be bi bo bu" imetulea wengi. Lakini kuna mtego. Chukua karatasi, toboa tundu dogo, ifunike chati ya silabi ibaki "bo" peke yake inaonekana. Kisha tazama midomo ya mtoto, usitazame karatasi. Aliyekariri wimbo utaiona midomo inacheza kimyakimya, ba, be, bi, halafu ndiyo anatamka kwa sauti "bo!" Huyo ameanzia mwanzo wa wimbo akahesabu hadi alipofika. Aliyejua anakujibu hapohapo.

Nikimwona wa hivyo navunja mpangilio. Naandika silabi kwenye vizibo vya soda, navichanganya kwenye bakuli, anaokota kimoja kimoja anasoma. Akivipanga viwili anapata neno. Na msiogope maneno yasiyokuwepo: leko, tubi, mosu. Yanakuonyesha kama mtoto anasoma kweli au anakumbuka. Uingereza tangu 2012 watoto wa darasa la kwanza lao wanapimwa kwa maneno 40, na nusu yake ni maneno ya kubuni kwa sababu hiyohiyo.

Nikipata nafasi nitaendelea na mwambatano, ufasaha na ufahamu. Karibuni kwa maswali, hasa wazazi wa awali na darasa la kwanza.

#2 Mpita Njia Kijenge

Nimeweka kambi hapa. Endelea mwalimu.

#3 Mama wa Sakina

Mwalimu shikamoo, na asante sana. Nipo Arusha, binti yangu ana miaka mitano, yupo shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wanamfundisha hizo hizo sauti, siyo majina. Wanaanza na s, a, t, i, p, n, kila sauti na ishara yake ya mkono. Anafurahi na anasoma vineno vya Kiingereza. Juzi bibi yake akamwandikia "kuku" akasoma "kaka". Akamwandikia "mume" akasoma kitu kama "mam". Bibi kakasirika, anasema tunamharibu mtoto. Nimechanganyikiwa, si nyie mnasema sauti ndiyo njia?

#4 Mwalimu wa Pasua

Marahaba dada yangu. Mpe bibi salamu, na mwambie mtoto hajaharibika, tena kasoma sawasawa kabisa kwa alichofundishwa.

Mfumo huo naufahamu, una sauti 42 na umepangwa vizuri kwa ajili ya Kiingereza. Ndani yake "u" ni ile ya neno "cup", ambayo kwa sikio letu inasikika kama "a". Kwa hiyo mtoto alipoona "kuku" alitoa k, akatoa ile "a" ya Kiingereza, akaunganisha, akapata "kaka". Na "e" ya mwisho kwa Kiingereza mara nyingi haitamkwi, ndiyo maana "mume" iliishia njiani. Hiyo ni kazi ya mtoto mwenye akili. Kuunganisha, ambako ndiko kugumu, tayari anako. Kilichobaki ni kumwambia kwamba herufi hizi zina nyumba mbili.

Fanya hivi. Tenga muda wa Kiswahili na muda wa Kiingereza, usichanganye kwenye kikao kimoja. Muda wa Kiswahili uanze na irabu tano kwa sauti ya Kiswahili, a e i o u, mkiwa mnatazamana mdomo kwa mdomo. "u" midomo inachongoka mbele, aione kwako, aione kwenye kioo. Halafu silabi chache na maneno ya nyumbani: kuku, kiti, meza, maji. Kama kadi zake za Kiingereza ni nyeupe, za Kiswahili tumia boksi la kahawia, rangi inamsaidia kujua yupo nyumba gani.

Maoni yangu, na najua wapo watakaonipinga: mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani aanze kusoma kwa Kiswahili hata kama shule yake ni ya Kiingereza. Ajifunze kuunganisha pale ambapo herufi hazimgeuki, kisha avuke na ujuzi wake. Kiingereza kina maneno ambayo hata ukiunganisha hayatoki, "the", "said", "one". Hayo yanakaririwa kwa umbo zima, na Edward Dolch wa Marekani alitoa mwaka 1936 orodha ya maneno 220 yanayotumika sana, yakiwemo ya namna hiyo, ya kutambuliwa kwa kuangalia tu. Kwenye Kiswahili huhitaji orodha hiyo. Ukimwona mwalimu wa Kiswahili anakaririsha watoto maneno mazima kwa picha, picha ya kuku na chini yake neno "kuku", jaribu kuitoa picha uone kama neno linabaki.

#5 Babu wa Kibosho

Hamjambo wajukuu. Binti yangu mwalimu, nimekusoma kwa makini. Mimi nimesoma ba be bi bo bu kwa fimbo ya mwanzi, na marehemu baba yangu alijua kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo cha miaka ya sabini, wakati Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Darasa lilikuwa chini ya mti, wakulima wa kahawa na wake zao, jioni baada ya kazi. Alisoma kwa silabi. Akawa anasoma karatasi za malipo ya chama cha ushirika bila kudanganywa na mtu. Sasa hizi sauti za mmm na sss zinatafuta nini kwetu? Kwa nini msiwaachie watoto silabi?

#6 Mwalimu wa Pasua

Shikamoo babu. Umenigusa hapo kwenye karatasi za malipo.

Silabi siziachi babu, na upande mmoja nakubaliana na wewe moja kwa moja. Kuna sauti ambazo mtu hawezi kuzitamka peke yake. Jaribu kutamka "b" tupu bila irabu. Utasema "be" au "bu", na mtoto anayeambiwa "bu" halafu "a" atakupa "bua". Hapo mwalimu wa sauti tupu anakwama, na silabi inamwokoa: unampa "ba" nzima. Kwa hiyo darasani kwangu naanza na irabu, kisha konsonanti zinazovutika, m, n, s, l, f, ambazo mtoto anaweza kuzishikilia huku anatafuta irabu: mmmmm-a. Akishaelewa siri ya kuunganisha kwa hizo, b, d, k, t nampa moja kwa moja ndani ya silabi.

Sasa kwa nini nisianze na silabi tu? Kwa sababu anayejua silabi bila kujua sauti zilizomo ndani yake inabidi akariri kila silabi kama kitu kipya. Ba, be, bi, bo, bu, kisha da, de, di, do, du, kisha zile za mwambatano, mba, mbe, bwa, mbwa... ni mamia. Aliyesikia kwamba "ba" ni b na a, siku akikutana na "mbwa" hakimbii, anaivunja. Na kwenye imla utamjua mara moja. Unasoma "kamba", wa kukariri anaandika "kaba", kwa sababu "mba" hajawahi kuifungua akaisikia "m" iliyojificha.

#7 Babu wa Kibosho

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Basi nikuongezee lako la mwambatano kutoka shambani kwangu. Mjukuu wangu alikuta kwenye kitabu neno "mbuni", na picha ya yule ndege mkubwa. Akasoma m-bu-ni, kama tunavyotaja mti wa kahawa. Mwalimu wake akamsahihisha akasema ni mbu-ni. Mtoto akarudi nyumbani kaninunia, anasema babu umenifundisha vibaya. Nani yuko sahihi?

#8 Mwalimu wa Pasua

Wote wawili mko sahihi babu, na umenipa mfano ambao nitauingiza darasani.

Wazazi, hapa ndipo penye HERUFI MWAMBATANO, na ndipo watoto wengi wa Kiswahili wanapoanguka mwezi wa nne, wa tano hivi, baada ya kwenda vizuri na "baba", "dada", "kaka". Mwambatano ni konsonanti mbili au tatu zimebebana kabla ya irabu: mb, nd, nj, ng, nz, kw, tw, mbw, ngw, nyw.

M ndiyo msumbufu. Kwenye "mboga" m na b zimeshikana, ni silabi mbili: mbo-ga. Kwenye "mtoto" m imejitenga, ni silabi tatu: m-to-to. Kwa macho m ni ileile. Ndege ni mbu-ni, makofi mawili. Mti wa kahawa ni m-bu-ni, makofi matatu, kwa sababu ile m ni ya ngeli, kwenye wingi inatoka inaingia "mi": mibuni. Hakuna herufi inayokuonyesha tofauti hiyo, ni lazima mtoto awe analijua neno lenyewe. Ndiyo maana nasema makofi yaanze jikoni kabla ya kitabu. Aliyeyapiga makofi ya m-to-ri anajua mapema kwamba m inaweza kusimama.

N nayo hufanya hivyo mara chache: n-chi, n-ne.

Halafu kuna herufi mbili ambazo kwa kweli ni sauti moja: ch, sh, dh, th, gh, ny. Hizi siziiti mwambatano mbele ya watoto, nawaambia "hizi ni pacha, zinatoa sauti moja". Zinahitaji siku zake. Watoto wetu wengi nyumbani husikia "zahabu" badala ya "dhahabu" na "samani" badala ya "thamani", kwa hiyo ukiwafundisha dh na th uwafundishe na ulimi unakaa wapi, katikati ya meno, la sivyo wataandika wanavyosikia na utawaonea kuwakosesha.

Na ng yenye alama ndogo juu: ng'. "Ngoma" na "ng'ombe". Fundisha "ng'ombe" kwa sauti ya ng'ombe mwenyewe, hakuna mtoto wa Kilimanjaro anayeikosea akiwa amemsikia zizini. Ile alama ndogo ya juu usiipuuze unapomwandikia, wazazi wengi tunaiacha tukiandika kwenye simu, na mtoto anaiga.

Kingine kinachosahaulika: irabu mbili zikifuatana kila moja ni silabi yake. Ka-a. Sa-a. U-a. Watoto wanasoma "kaa" kama "ka". Makofi tena.

#9 Mwalimu Kijana Longido

Dada mwalimu salamu. Nimejifunza, ila nataka kuongeza tatizo la huku kwetu. Niko Longido, mwaka wa pili kazini. Sauti na silabi watoto wangu wanazipata bila shida. Wengine wanatiririka. Juzi mtoto kasoma "Juma ana embe bichi" bila kigugumizi. Namuuliza, Juma ana nini? Kimya. Nani ana embe? Kimya. Kwao wanaongea Kimaasai, Kiswahili wanakutana nacho mlangoni pa darasa. Nikiwapima kwa kusoma kwa sauti wote wamefaulu. Mimi najua hawajafaulu. Nifanyeje?

#10 Mwalimu wa Pasua

Mdogo wangu, hongera kwa kuliona. Wapo wanaoridhika na huo mtiririko na kuandika "anasoma" kwenye ripoti.

Hiki unachokiona kina maelezo mazuri sana. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba usomaji ni matokeo ya kuzidisha vitu viwili: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa matamshi, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe ikisemwa. Wamesema kuzidisha, si kujumlisha. Ukizidisha moja kwa sifuri, jibu ni sifuri. Mtoto wa kwanza niliyemtaja, wa "em ei em ei", ana lugha lakini hana matamshi ya maandishi. Wa kwako ana matamshi, lugha bado. Wote hawasomi, lakini dawa zao ni tofauti kabisa, na ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unapoteza mwaka.

Wa kwako anahitaji mazungumzo. Kabla ya kufungua kitabu, vitu vyenyewe viwe mezani: embe bichi na embe bivu, wavishike, wavionje, waviseme. Anza na sentensi za maisha yao, ndama, kibuyu cha maziwa, mvua, kisima. Hadithi isimulie kwanza kwa mdomo ukiigiza, mtu anayeijua lugha yao akikusaidia pale wanapokwama, halafu ndiyo waikute kwenye maandishi. Kila wakisoma sentensi mbili, simama uulize, au waambie waigize walichosoma bila kuongea. Mtoto akisoma "mama anabeba maji" akainuka akajitwisha ndoo ya hewani, ameelewa, hata kama Kiswahili cha kukujibu hana bado. Na akikujibu kwa Kimaasai, pokea jibu. Unapima UFAHAMU, hupimi lugha ya kujibia.

Hili si la Longido peke yake. Hata hapa mjini kuna mtoto anasoma "jahazi linatweka tanga" vizuri na jahazi hajawahi kuliona hata kwenye runinga. MSAMIATI haupatikani kwa kusoma silabi. Unapatikana kwa kuongeleshwa.

#11 Mwalimu Kijana Longido

Ndoo ya hewani naanza nayo kesho asubuhi. Asante sana dada.

#12 Fundi Majengo

Mimi wangu yupo la tatu. Anasoma, anaelewa ukimsomea wewe, ila akisoma mwenyewe anakwenda si-la-bi kwa si-la-bi mpaka akifika mwisho wa sentensi kasahau mwanzo. Nimempeleka tuisheni wanamrudisha kwenye ba be bi.

#13 Mwalimu wa Pasua

Kaka, huyo hana shida ya silabi, usilipie tena silabi. Shida yake inaitwa UFASAHA. Maana yake asome kwa usahihi, kwa mwendo wa kawaida, na kwa sauti inayopanda na kushuka kama ya mtu anayeongea. Ni kama dereva anayejifunza: akili yote ikiwa kwenye gia na klachi, barabara haioni. Akili ya mtoto wako yote inaishia kwenye kutambua vipande, hakuna iliyobaki ya kuelewa.

Dawa yake ni kurudia. Chagua aya fupi, nyepesi kuliko za darasa lake. Msomee wewe kwanza huku kidole chake kinafuata. Msome pamoja, sauti zenu mbili. Asome peke yake. Kesho ileile tena, na keshokutwa, hadi itiririke, ndipo mbadilishe. Dakika kumi kila jioni zinatosha, na zinashinda saa mbili za Jumamosi. Usimkatize kila akikosea. Akikosea neno na maana imepotea, mwache amalize sentensi, muulize "hiyo inaleta maana?", arudi mwenyewe.

#14 Mpita Njia Kijenge

Mwalimu, swali moja. Herufi kubwa au ndogo kwanza?

#15 Mwalimu wa Pasua

Ndogo. Kitabu kimejaa ndogo. Kubwa zitakuja na jina lake na mwanzo wa sentensi. Na kuumba herufi aanze mchangani au hewani kwa mkono mzima kabla ya penseli.

#16 Dada wa Njiro

Habari zenu. Mwanangu ana miaka sita, anageuza b na d kila siku. "Dada" anaandika "baba". Jirani ameniambia hiyo ni diseleksia, nimelia usiku kucha. Kuna hospitali wanatibu?

#17 Mwalimu wa Pasua

Pole sana mdogo wangu, futa machozi kwanza. Kugeuza b na d katika miaka sita ni jambo la kawaida kabisa. Kikombe ukikigeuza upande bado ni kikombe, mtoto amejifunza hivyo maisha yake yote, na leo ghafla anaambiwa umbo lilelile likitazama upande mwingine ni kitu kingine. Wengi huacha wakifika saba, nane. Msaidie hivi: usimfundishe zote mbili kwa wakati mmoja. Mpe b peke yake hadi iwe yake kabisa, sikia midomo inavyogongana. Wiki kadhaa baadaye ndiyo d, ulimi nyuma ya meno.

Diseleksia ipo na ni jambo la kweli. Haitokani na macho, haitokani na uvivu wala na malezi, na mara nyingi ipo kwenye ukoo. Mtoto anakuwa na akili nzuri lakini kuzisikia sauti ndani ya neno na kuzifunga na herufi kunamgharimu mno. Kwenye lugha ambazo maandishi yanafuata matamshi, kama yetu, haionekani sana kwa makosa, inaonekana kwa mwendo: mtoto anapatia, lakini polepole mno, mwaka hadi mwaka, hata baada ya kufundishwa vizuri. Kwa hiyo ukiona miaka nane imefika, amefundishwa sauti ipasavyo, na bado kila neno ni vita, hapo tafuta msaada wala usingoje. Si ugonjwa wa kumeza dawa, ni kufundishwa taratibu zaidi, hatua ndogondogo, kwa mtu aliyesomea. Nyie wa Arusha mna bahati, Chuo cha Ualimu Patandi pale Tengeru ndiko walimu wa elimu maalumu wanakofunzwa, ulizeni huko.

Kabla ya yote apimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kushindwa kutofautisha p na b, na mzazi anadhani ni mkaidi. Huku Moshi idara ya macho ya hospitali ya KCMC wamezoea watoto.

#18 Dada wa Njiro

Asante mwalimu, Mungu akubariki. Nimepata pumzi.

#19 Baba Wawili Usa River

Nimesoma uzi wote kwa mkupuo mmoja. Sisi Desemba tunapanda Rombo kwa bibi mwezi mzima, hakuna vitabu vya watoto kule na wangu wa la kwanza ndiyo ameanza kuunganisha. Naogopa akirudi Januari amesahau. Nibebe nini?

#20 Mwalimu wa Pasua

Beba vizibo vyako vya silabi kwenye mfuko, daftari na penseli, vinatosha. Vingine vipo hukohuko. Pakiti ya unga, ya chumvi, ya sabuni, avisome dukani anapotumwa. Mwambie bibi awe anamtuma na orodha iliyoandikwa, "sukari, kiberiti, mafuta", na asimtajie kwa mdomo, orodha ni ya kwake kuisoma mbele ya muuza duka. Siku watoto wa shangazi wakifika, aandike majina yao wote kwenye karatasi na kuyabandika mlangoni, hapo atakutana na mwambatano wa kutosha.

Kanga za bibi nazo zina sentensi nzima, fupi, na bibi anazijua maana, watakaa nazo mchana kutwa. Ila zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa hiyo kabla hamjaondoka Usa River mfundishe kubwa na ndogo zinavyolingana, hasa A na a, G na g, R na r, maana hizo hazifanani kabisa. Nyingine ataziunganisha mwenyewe.

Na jioni bibi asimulie hadithi, Kichaga au Kiswahili, vyote sawa. Asubuhi mtoto akusimulie wewe, uandike sentensi zake mbili tatu kama alivyozitamka, azisome yeye. Mtoto hashindwi kusoma maneno yaliyotoka mdomoni mwake.